Seli Zinazojila: Nani Hutoa Amri, na Saratani Hufaidikaje

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Moshi. Nimeuandika upya kutoka kwenye rekodi ya simu, nikaondoa kukohoa kwangu na umeme uliokatika katikati.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, wauguzi, walimu, wanafunzi, na akina mama mlioteremka kutoka Marangu na Kibosho asubuhi hii: wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba; najua mlikuwa mnataka kusema.

Kwenye tangazo nimeandikwa kuwa nitazungumzia mafuta ya seli na saratani. Nitafika huko. Lakini nusu yenu mmeletwa hapa na ule ujumbe wa WhatsApp, basi tuanze nao. Maneno yake hubadilika kidogo kila unaposambazwa, ila kiini ni kimoja: Mjapani amepata Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba mtu akifunga kula, mwili wake unaila saratani. Funga, kunywa maji ya ndimu, okoa pesa ya hospitali.

Mjapani yupo. Ni Yoshinori Ohsumi, na tuzo aliipata kweli mwaka 2016. Ila hakumfungisha mtu yeyote. Alifanya kazi na hamira, jamii ileile inayoumua maandazi yenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kuyeyushia taka zake, akainyima chakula, akaitazama kwa darubini. Baada ya saa chache, ule mfuko wa ndani ambao hamira huutumia kama tumbo ulikuwa umejaa vifuko vidogo, na ndani ya vifuko mlikuwa na vipande vya hamira yenyewe. Seli ilikuwa inajila. Kwa kuwa haikuweza kukiyeyusha ilichokimeza, ushahidi ulibaki wazi kila mtu auone. Ohsumi akaendelea kutafuta hamira zilizoshindwa kujila, na kwa njia hiyo akazipata jeni zinazoiendesha kazi hiyo. Tuzo ilikuwa ya hayo. Saratani haikuwemo, na ndimu haikuwemo.

Jina otofaji, ambalo vijana mnaliona mitandaoni, lilitolewa mwaka 1963 na Mbelgiji Christian de Duve. Yeye ndiye aliyekuwa amegundua lisosomu, vile vifuko vya asidi ambamo seli zetu huyeyushia vitu. Mimi leo nitasema kujila, au kujimeng'enya, tusichoshane.

Mkitaka kuielewa kazi hii, fikirini kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani. Mgomba ukishatoa mkungu hauachwi usimame. Unakatwa, ng'ombe anapewa gogo na majani, samadi inarudi shinani kwa mgomba mdogo. Hakuna kinachotupwa, na mwaka wa ukame ndio unaouona umuhimu wa mpango huo. Seli nayo huzungushia utando sehemu zake zilizochakaa, protini zilizojikunja vibaya, mitokondria (mitambo yake ya kuzalisha nguvu) zilizoharibika, hata bakteria walioingia, ikavipeleka kwenye lisosomu na kurudishiwa malighafi. Inafanya hivyo kidogo kidogo kila siku, na kwa nguvu zaidi ikiwa na njaa. Sasa kumbukeni jambo moja kuhusu samadi: inamstawishia anayeimwaga, hata kama shamba ni la wizi.

Swali langu la leo ni nani anaiambia seli ianze kujila, na ikianza, iishie wapi. Kwa sababu kuna kujila kwa kuponea na kuna kujila kwa kufia, na kwa darubini vinafanana mno.

Sehemu ya jibu inajulikana sana. Seli ina protini iitwayo mTOR inayopima chakula. Kikiwepo, mTOR inaamrisha kujenga na kuzuia kujila. Kikikosekana, kizuizi kinaondoka. Hilo limo kwenye vitabu vya chuo na sitawachelewesha nalo. Ninalotaka kuwaonyesha ni kundi la mafuta linaloingilia amri hiyo kutoka pembeni. Yanaitwa sfingolipidi.

Mafuta haya yalichambuliwa kwanza kutoka kwenye ubongo. Daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi London, Johann Thudichum, aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1884, na kwa karibu miaka mia moja iliyofuata watu waliyaona kama tofali tu za utando wa seli. Yapo kwenye kila seli mliyo nayo. Seli huyatengeneza kwa kuunganisha asidi amino iitwayo serini na mafuta ya kawaida kabisa, yale ya mawese na siagi, halafu inaongeza mkia wa mafuta mwingine. Hapo inapata seramidi. Seramidi ndiyo njia panda. Ikiongezewa kichwa cha kolini inakuwa sfingomielini, ambayo imejaa kwenye utando wa seli na kwenye ala ya neva. Ikiongezewa sukari inaanzisha ukoo mwingine mkubwa. Ikikatwa mkia inakuwa sfingosini, na sfingosini ikibandikwa fosfati inakuwa sfingosini-1-fosfati. Jina hilo la mwisho ni refu. Wenzangu maabara huliita S1P, nami nitafanya hivyo.

Kazi ya kuyaondoa mafuta haya kwenye kundi la tofali ilianza miaka ya 1980, Marekani, na Yusuf Hannun, daktari aliyezaliwa Lebanoni, ni mmoja wa walioianzisha. Mwaka 1993 Lina Obeid, Hannun na wenzao walionyesha kwamba ukiziongezea seli za saratani ya damu seramidi, zinakufa kwa utaratibu, zinajikatakata zenyewe. Mwaka 1996 kikundi cha Sarah Spiegel kikaonyesha upande wa pili: S1P inaizuia seramidi isiue. Tafakarini kidogo hapo. Molekuli mbili, moja inazaliwa na nyingine kwa hatua mbili tu za kemia, na zinaamrisha vitu vilivyo kinyume. Seli yenye seramidi nyingi inaelekea kusimama au kufa. Seli yenye S1P nyingi inaelekea kugawanyika, kuhama, na kuita mishipa mipya ya damu. Kimeng'enya kinachobandika ile fosfati, sfingosini kinesi, kimekutwa kikiwa juu katika saratani nyingi. Na kwenye saratani ya tezi dume, wazee wangu, mara nyingi kimeng'enya kinachokata mkia wa seramidi nacho huwa juu kuliko kawaida. Uvimbe unaivunja breki yake mwenyewe.

Je, hayo yanahusianaje na kujila? Kwa njia kadhaa, na kila moja ilipogunduliwa watu walidhani ndiyo yenyewe. Seramidi huifanya seli iondoe kwenye utando wake milango ya kuingizia amino asidi na sukari. Chakula kimejaa nje, seli inakufa njaa ndani, na njaa inaleta kujila. Seramidi pia huinyamazisha Akt, protini inayoisaidia mTOR. Tena huongeza protini iitwayo Beklini 1, ambayo ni mwasisi wa vile vifuko vya kujilia, na huifungua Beklini 1 hiyo kutoka kwa Bcl-2, protini nyingine inayoishikilia. Mambo haya yameonekana kwenye seli za saratani ya matiti na ya utumbo mpana zinazokuzwa maabara, kuanzia mwaka 2004 na kuendelea.

Mtu angemalizia hapo angesema: basi, seramidi inaleta kujila, kujila kunaua saratani, tuongeze seramidi. Tatizo ni kwamba mwaka 2006 ilionekana kuwa S1P nayo huanzisha kujila. Ile inayookoa! Huanzisha kujila kwa wastani, kusikoongeza Beklini 1 sana, na seli iliyonyimwa chakula ikipata hali hiyo huishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo pande zote mbili za ugomvi zinatumia silaha ileile. Hapa wanafunzi wangu huwa wananikatia tamaa. Mimi ndipo hapo ninapoanza kufurahi.

Tofauti inaonekana kutokana na mahali na kiasi, na kwa seramidi, hata urefu wa mkia. Tuna vimeng'enya sita vya kutengeneza seramidi, kila kimoja na mkia kinaoupenda. Seramidi ya mkia wenye kaboni 18 imekutwa ikiwa imepungua katika saratani nyingi za kichwa na shingo. Kikundi cha Besim Ogretmen, Marekani, kilionyesha mwaka 2012 kwamba seramidi hiyo inaweza kukaa juu ya mitokondria na kuvinasa vifuko vya kujilia, vikala mitokondria moja baada ya nyingine hadi seli ikabaki haina nguvu ya kuishi. Huko ni kujila kwa kufia. Seramidi ya mkia wa kaboni 16, katika saratani hizohizo, ilionekana kuisaidia seli kukua. Kaboni mbili, ndugu zangu. Ndiyo maana mtu akiniambia kirutubisho fulani kina seramidi na kinatibu saratani, namuuliza: mkia wa ngapi, na unafika wapi?

Sasa tuingie kwenye saratani yenyewe. Mwaka 1999 Beth Levine, daktari Mmarekani, alirudisha Beklini 1 kwenye seli za saratani ya matiti zilizokuwa nayo kidogo. Seli zikajila zaidi na zikapunguza kukua. Mwaka 2003 panya waliozaliwa na nakala moja tu ya jeni hiyo, badala ya mbili, walipata uvimbe wa saratani kwa wingi. Likawa fundisho la kizazi kizima: kujila kunazuia saratani. Na lina mantiki, kwa sababu seli inayosafisha mitokondria zake mbovu haijazi sumu za kuharibu vinasaba. (Kwa wanaofuatilia sana: baadaye watafiti wengine walitilia shaka habari ya jeni hiyo kupotea kwenye matiti ya binadamu. Inakaa jirani na BRCA1, jeni inayojulikana kwa saratani ya matiti, kwenye kromosomu ya 17, na huenda ilikuwa inang'olewa tu pamoja na jirani yake.)

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 2011 saratani ya kongosho ilionekana kuutegemea utaratibu huo kwa chakula chake cha kila siku. Uvimbe unakua haraka kuliko mishipa ya damu, katikati yake mna njaa na hewa haba, na seli za huko zinaponea kwa kujila. Zikishambuliwa kwa dawa, hujila zaidi. Tamoksifeni, ambayo akina mama kadhaa humu ndani mmeitumia au mnaitumia, huongeza seramidi kwenye seli za saratani ya matiti na kuzifanya zijile. Baadhi zinakufa. Baadhi zinatumia kujila huko kuivumilia dawa. Mionzi nayo, ile ambayo wengi mmesindikiza ndugu hadi Ocean Road kuifuata, hukata sfingomielini ya utando na kuachia seramidi. Ni mojawapo ya njia inazoulia. Na seli sugu zimejifunza kuibandika seramidi hiyo sukari haraka ili iache kudhuru.

Kwa ufupi wa mtu aliyechoka: kabla uvimbe haujawa uvimbe, kujila ni ulinzi. Ukishakuwa uvimbe, mara nyingi kujila ni akiba yake ya chakula.

Ndipo linapoingia jambo ambalo wenye umri wangu mtalipenda. Mnaikumbuka klorokwini? Naona watu wanajikuna. Chungu kuliko shubiri, na usiku kucha mwili unawasha. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Klorokwini ilikuwa inafanya kazi kwa kujikusanya kwenye mfuko wa asidi ambamo kimelea humeng'enyea damu yetu. Seli zetu nazo zina mifuko ya asidi, lisosomu. Klorokwini inaingia humo pia, inapunguza ukali wa asidi, na kilichomezwa hakiyeyuki. Kujila kunakwama njiani. Kwa hiyo dawa iliyotuwasha tukiwa watoto, pamoja na ndugu yake haidroksiklorokwini, imekuwa ikijaribiwa miaka mingi kwenye saratani, kwa lengo la KUZUIA kujila. Someni tena ule ujumbe wa WhatsApp mkiwa na hilo kichwani. Mitandaoni wanawaambia mwashe kujila ili mpone. Kwenye hospitali za utafiti wanahangaika kuzima kujila huko.

Wamefanikiwa? Si sana bado. Haidroksiklorokwini peke yake kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyosambaa haikusaidia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Siku hizi huchanganywa na dawa nyingine. Kuna pia dawa zinazolenga sfingosini kinesi, ambazo zimefikia majaribio ya binadamu, lakini hakuna iliyofika kwenye dirisha la dawa kwa ajili ya saratani.

Turudi nyumbani. Nimesema seramidi hutengenezwa na vimeng'enya sita. Ipo sumu inayovizuia vyote, na haitoki maabara. Inatoka kwenye mahindi. Inaitwa fumonisini, ni sumukuvu ya ukungu aina ya fusari, na ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988 na watafiti waliokuwa wakichunguza mahindi ya Transkei, eneo lenye saratani nyingi ya umio. Mwaka 1991 ikajulikana inavyofanya: umbo lake linafanana na malighafi ya seramidi, inakaa kwenye kimeng'enya mahali pasipo pake, na kazi inasimama. Malighafi inarundikana, seramidi inapungua. Watafiti wa sfingolipidi duniani kote wanainunua sumu hiyo kwa bei kubwa. Wakitaka kujua kama seli fulani inajila au kufa kwa sababu ya seramidi mpya, wanaimwagia fumonisini waone kama itaacha. Wao wanaipima kwa mikrogramu na glavu mkononi. Sisi tunaikoroga kwenye uji.

Sisemi kwa kutia chumvi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo kutoka Rombo. Watoto waliopata fumonisini kupita kikomo cha mikrogramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kupitia uji wa mahindi, walipofikisha mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Huo ni ukuaji. Kuhusu saratani, sumu hii imeleta uvimbe wa ini na figo kwa panya, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo liko chini ya lile la sigara, na sitalipandisha daraja ili niwatishe.

Saratani ya umio ipo huku kwetu, na mnaijua kwa dalili yake: mzee anaanza kuacha nyama, kisha ugali, kisha hata uji unakwama. Chanzo chake si kimoja. Utafiti uliochapishwa 2015, uliofanyika hapahapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ulikuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzijoto 70. IARC mwaka uliofuata ikasema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vinaelekea kusababisha saratani hiyo. Chai ya maziwa ikipoa dakika chache haipungui utamu, nimeshajaribu.

Na mgonjwa huyohuyo wa umio, ambaye amekwisha kukonda kwa sababu chakula hakipiti, ndiye anayetumiwa ujumbe wa kufunga. Hili linanikasirisha na sitaficha. Mwili wake uko kwenye njaa tayari, na uvimbe wake unajua kuishi na njaa kuliko yeye. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoonyesha kwamba binadamu ameanza kujila ndani ya seli saa ya 16 au ya 24 ya kufunga. Hizo saa zimetungwa. Anayefunga Ramadhani au Kwaresima kwa imani yake, akiwa na afya, sina neno naye. Aliye kwenye matibabu ya saratani amuulize daktari wake kwanza, na dozi isikatizwe.

Nimeletewa kikaratasi hapa na mama mmoja wa Kibosho: dona au sembe? Fumonisini hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo kukoboa huipunguza, na pamoja nayo virutubisho. Mimi ningeanza kabla ya mashine. Chambua punje kwenye ungo, toa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye utando mweupe au wa waridi. Hiyo peke yake inapunguza sumu nyingi, ingawa punje safi kwa macho si lazima iwe safi kabisa. Kukausha vizuri kunasaidia dhidi ya sumukuvu nyingine. Fumonisini huanzia shambani, mahindi yakiwa bado kwenye bua. Kupika hakuiondoi. Kuchachusha hakuiondoi, kwa hiyo pombe ya mahindi yaliyooza inayo. Mbege ya ulezi na ndizi ni kesi nyingine, naona wazee mmepumua.

Ameuliza pia kama punje alizozitoa anaweza kumpa nguruwe. Hapana, mama. Nguruwe akila fumonisini nyingi, sfingolipidi za damu yake zinavurugika, moyo unalegea na mapafu yanajaa maji. Anaweza kufa ndani ya siku chache. Farasi na punda ubongo unalainika. Zifukie mbali na mifugo. Na kama gunia zima lina utando, usilichanganye na zuri ili lipate kwisha.

Haya, mwenye kipaza sauti ampe yule kijana wa nyuma.